Daktari wa Sura Ngeni

Basi la Mombasa liliingia Garsen saa sita na nusu mchana, limechelewa na limejaa vumbi hadi madirishani, na wachuuzi wa steji wakalivamia kabla halijasimama. Faiz alikuwa ameegemea nguzo ya kibanda cha tikiti, kamera kifuani, akijifanya anasubiri mgeni. Hakuwa na mgeni wowote. Alikuwa akiwinda sura, na sura aliyoiona siku hiyo ilikuwa ya msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la buluu, leso ya manjano kiunoni, aliyekuwa akikimbia na sinia la viazi karai kuelekea dirisha la nyuma. Unga ulikuwa umemkaukia shavuni. Faiz akabonyeza mara tatu.

"Wee kaka wa kamera!"

Faiz akatazama juu.

"Usitazame juu, juu hakuna kitu. Wewe mwenye shati la maua, ndiye ninayekwambia. Umenipiga picha tatu."

"Mbili."

"Ya tatu ulijifanya unajikuna. Nionyeshe."

Alipangusa mikono kwenye leso, akaishika kamera ikiwa bado imening'inia shingoni mwa mwenyewe, hata ikambidi Faiz ainame nayo. Alinukia ukwaju na moshi wa kuni. Aliitazama picha muda mrefu kuliko wanavyotazama wateja wanaolipa.

"Hili sinia limetoka vizuri kuliko mimi," akasema.

"Sinia halikukimbia."

"Kwa hivyo kosa ni langu?"

"Kosa ni la jua."

"Jua la Mungu limekukosea nini? Wewe ndiye uliyesimama vibaya. Ungepita upande ule wa tangi, usingenikata miguu. Mimi nina miguu, ama hujaiona?"

Faiz akaiona. Tangu siku hiyo akawa mla viazi.

Jina lake lilikuwa Mbodze, binti wa Mzee Gona, mkulima wa Tarasaa. Sasa tuseme na huyu Faiz alikuwa akifanya nini pale nguzoni, maana si jambo la kumsifia. Kazi yake ya kula ilikuwa studio ndogo nyuma ya steji: picha za kitambulisho, za shule, za matangazo ya mazishi. Kazi ya moyo wake ilikuwa Sura Ngeni, kikundi cha WhatsApp cha watu kumi na mmoja waliojiona wana macho kuliko Garsen nzima. Kila Ijumaa baada ya swala walituma picha za watu wasiowajua, waliopigwa njiani bila wao kujua, kisha wakazichambua. Walianza na mwanga na kivuli. Haukupita mwezi wakawa wanachambua pua, meno na matumbo ya watu, na bado wanaiita sanaa. Mkali wao alikuwa Faiz. Maneno yake yalipasua hata wakambandika jina la Daktari, naye akalifurahia mno jina hilo.

Kikundi kilikuwa na sheria moja tu yenye huruma. Aliiweka binamu yake Faiz, Hafidha, muuza dawa, siku alipoletewa picha ya shangazi yake mwenyewe akipiga chafya. Mwanachama akimjua mtu wa pichani, aandike neno moja tu, "wetu," na picha ifutwe hapo hapo. Hakuna wa kuuliza wetu vipi.

Picha za Mbodze Faiz hakuzituma. Ijumaa hiyo alituma ya mchukuzi mmoja mzee, akamsema mpaka watu wakachoka kucheka. Za Mbodze akaziweka mahali pa peke yake, na alizitazama kila usiku kabla ya kulala.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu zaidi kuliko ya ana kwa ana.

"Umeamka, asali?"

"Nimeamka nimemenya ndoo mbili. Wewe sauti yako bado imejifunika shuka."

"Njoo uivue."

"Tabia zako! Nitamwambia mama yako." Mbodze akaacha mzaha. "Lakini nitamwambiaje, na hata hajui kama nipo? Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini, Faiz?"

"Mama wa Kipini hawaambiwi mambo hivi hivi, mahabuba. Natafuta pa kuanzia."

"Anzia na viazi. Hakuna anayechukia viazi."

Kila Jumapili walipanda bodaboda hadi Golbanti, wakakaa ukingoni mwa mto pasipo na mtu. Huko Mbodze alivaa gauni lake la kitenge cha kijani na hereni ndefu, na Faiz alimlalia mapajani akamwita majina yote matamu anayoyajua Mswahili. Jumatatu, Garsen, alimwita dada wa viazi. Mbodze aliliona hilo. Alilinyamazia kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alidhani kila kitu kina siku yake.

Mama alikuwa kisingizio. Ukweli wenyewe, ambao Faiz hakujiambia hata yeye, ni kwamba alikuwa amewacheka wauza viazi wengi sana mbele ya watu kumi. Aliogopa kuchekwa naye.

Mwezi wa nne wa mapenzi hayo, Ijumaa moja, Hiribae mwenye duka la mbegu alituma picha aliyoipiga kwa mbali, kutoka ng'ambo ya barabara. Faiz aliifungua akiwa studio. Mbodze alikuwa akilikimbilia basi lililokwisha ondoka, mdomo wazi kwa kupiga kelele, leso imemteremka, jasho limeuchora unga mashavuni, mkono umeinua mfuko wa viazi ambao mteja alikuwa ameusahau.

Hafidha akauliza kama ada yake: "Wetu au si wetu?"

Kidole cha Faiz kilikuwa juu ya herufi. Neno lenyewe ni la herufi nne. Alifikiria watu kumi wakisoma, wakiulizana kwa siri Daktari na muuza viazi wanajuana vipi. Alimfikiria Hafidha akipiga simu Kipini. Wakati akifikiria, wenzake walianza.

"Kiboko amekosa basi!"

"Hilo koo unaliona mpaka chakula cha jana."

"Daktari yuko wapi? Mgonjwa yuko mezani."

"Daktari, mbona kimya leo? Au ni mgonjwa wako?"

Hilo la mwisho lilikuwa utani mtupu, lakini lilimshtua. Akaona kunyamaza kutamsema. Akaandika haraka, kwa ustadi wake ule ule:

"Mwanga mzuri umepotea bure. Mdomo umemeza picha nzima. Sura ya aina hii hupigwa kutoka mgongoni."

Walicheka hadi alaasiri. Hafidha peke yake hakuandika kitu.

Jumapili yake Faiz alikwenda Golbanti kama kawaida. Mbodze alimletea viazi vya pilipili nyingi, akamlisha kwa mkono wake, na Faiz akavila vyote.

Kikundi kilikuwa na ada nyingine: picha iliyoshinda mwezi ilichapwa kubwa na kutundikwa katika hoteli ya Mwanaarusi, mama mpishi wa pale steji, na chini yake yakaandikwa maneno bora ya uchambuzi. Mwezi huo ilishinda ya Hiribae. Mchapaji wa kikundi alikuwa nani kama si Faiz? Aliichapa mwenyewe, na maneno yake mwenyewe chini, yamesainiwa Daktari. Angeweza kusema mashine imeharibika. Alijiambia Mbodze hali hotelini, ana chakula chake, hataiona. Huo ulikuwa upumbavu wa mtu aliyesoma. Steji ya Garsen haihitaji mtu aende kusoma, itamletea habari mpaka kwenye karai lake.

Kufikia Jumanne simu ililia.

"Faiz." Sauti ilikuwa nzito.

"Asali, una nini?"

"Wananiita Mgongoni. Makanga wote wa mabasi. Nikisogea basini wanapiga kelele, Mgongoni, geuka tukuone! Leo mteja mmoja ameniambia nimpe viazi nikiwa nimempa kisogo. Watu wakacheka, Faiz. Abiria wote. Na mimi nikacheka nao, nilikuwa sijui la kufanya."

Faiz alikaa chini.

"Achana nao, mahabuba. Watachoka."

"Kuna picha yangu kwa Mwanaarusi. Kuna mtu ameniandika, anaitwa Daktari. Nataka nimwone uso mtu huyo, basi. Simfanyi kitu, nimwone tu. Twende wote. Wewe unazijua picha, utaongea nao lugha yao."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Mbodze mwenyewe alikuwa ameufungua, na alikuwa akilia. Faiz angesema, ni mimi, nisamehe, na huenda angesamehewa, maana mwanamke anayelia akakupigia wewe kwanza bado ni wako. Akasema, "Sawa, kesho saa nne."

Kesho yake Mbodze alikuja na gauni la kijani la Golbanti na hereni zake. Alitaka wamwone vizuri. Faiz alitembea nyuma yake hatua mbili hadi ndani ya hoteli, chapati zikikaangwa, na pale ukutani, juu ya meza ya sukari, Mbodze mwingine akapiga kelele bila sauti. Hiribae alikuwa akinywa chai chini yake.

"Wewe ndiye ulinipiga hii?" Mbodze akamuuliza.

"Ndiyo, dada!" Hiribae akainuka kwa furaha. "Imeshinda. Umetutoa jasho."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ukimuuliza mtu ataweka sura ya kitambulisho. Sisi tunataka sura ya kweli. Usikasirike, dada yangu, hatumchambui mtu anayejulikana. Tuna sheria. Kama hata mmoja wetu angekujua, angeandika neno moja tu, wetu, na picha ingefutwa dakika ile ile. Lakini hakuna aliyekujua."

"Mko wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na Daktari ni yupi?"

Hiribae akacheka, akidhani anataniwa. "Si huyu uliyekuja naye?"

Hoteli haikunyamaza. Ingekuwa afadhali inyamaze. Chapati ziliendelea kukaangwa na watu wakaendelea kuagiza, na Mbodze akayasoma tena yale maneno, polepole, kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Kisha akageuka.

"Uliandika siku gani?"

"Mbodze, tutoke nje kwanza."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ile ya kabla ya kukuletea viazi vya pilipili?"

Faiz akaitikia kwa kichwa.

"Ulikula vyote," Mbodze akasema. "Nilifurahi ulivyokula."

"Sikumaanisha, haki ya Mungu. Nilikuwa nazungumza juu ya picha, si juu yako. Nilitaka tu wasijue."

"Wasijue nini?"

"Kwamba sisi..."

"Malizia. Hapa pana watu ishirini, malizia."

Faiz alitazama watu. Makanga wawili walikuwa mlangoni wakitabasamu. Mwanaarusi alisimama na kijiko mkononi. Mdomo ulifunguka na haukutoa kitu, na wakati huo ukapita kama ulivyopita ule wa Ijumaa.

Mwanaarusi akanyoosha mkono aitoe picha ukutani. "Iache, mama," Mbodze akamwambia. "Mimi nilikuwa namkimbilia mteja nimpe haki yake. Sina cha kuonea haya hapo." Akatoka kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya makanga, na hakuna aliyethubutu kumwita jina lolote.

Wiki sita Mbodze hakupokea simu yake. Faiz alipokwenda kwenye karai alihudumiwa kama abiria yeyote.

"Viazi vingapi?"

"Mbodze, nakuomba dakika moja."

"Ukwaju au pilipili?"

"Nakupenda."

"Kaka, kuna watu nyuma yako."

Alikonda. Shati la maua likamning'inia. Usingizi ukamkataa, na kila sura aliyoiona steji ilimuuma, maana sasa alijua kila sura ina mtu anayeingoja nyumbani. Ijumaa ya wiki ya sita aliifufua ile picha kikundini, akaandika: "Wetu. Anaitwa Mbodze. Ni mpenzi wangu tangu kabla ya picha hii, na nataka kumuoa." Halikuwahi kumtoka jambo la ushujaa kuliko hilo. Wengine walituma vicheko, Hiribae akaandika pole, ndugu yangu, kweli pole. Hafidha aliandika, "Umechelewa, Faiz," akajitoa kikundini.

Jumamosi alikwenda Kipini akamweleza ami yake, Mzee Athmani, muuza samaki wakavu, aliyemlea tangu babake alipofariki. Alieleza yote, hata yale maneno ya mgongoni, macho chini. Ami alisikiliza huku akipanga samaki.

"Nipe namba yake," akasema mwishowe.

Akapiga mwenyewe. Faiz alisikia sauti ya Mbodze kwa mbali, ya heshima, isiyo na haraka: "Njooni, mzee. Kwetu mgeni harudishwi." Faiz akaishika sentensi hiyo kwa mikono miwili. Usiku kucha aliigeuza, akaiona ni msamaha.

Jumapili walifika Tarasaa na pikapu ya Ami, Faiz kanzu nyeupe na kofia ya viua, kreti nne za soda nyuma. Ukweni kwa Wagiriama posa huanza na kadzama, kibuyu cha pombe ya mnazi, lakini Waislamu wale wasingeweza kuubeba mnazi, na Mzee Gona aliwaondolea tabu hiyo mapema. Soda nayo hunyweka, alisema. Wakaketishwa kwenye viti vya plastiki kivulini, watu wa ukoo wakazunguka, na Mzee Gona akachukua chupa moja na kifunguo, akaviweka magotini bila kufungua.

"Wageni wetu, karibuni. Desturi yetu mnaijua. Mimi sifungui hata moja kabla ya kumuuliza mwenye neno. Mbodze, njoo mama."

Mbodze akaja. Alivaa gauni jeupe na leso mpya begani, nywele zimesukwa upya, na Faiz akasahau kumeza mate.

"Mgeni huyu unamjua?" babake akauliza.

"Namjua, baba."

Wanawake wakapiga kigelegele kifupi. Faiz alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita.

"Wamjua vipi?"

"Anaitwa Faiz, wa studio ya Garsen. Anapenda pilipili nyingi na ukwaju kidogo. Akicheka hufunika mdomo kwa sababu ya jino lake la pembeni. Akiwa na njaa hukasirika, akishiba huimba. Na nampenda, baba. Hata aliposhuka garini sasa hivi, moyo wangu ulifanya ujinga."

"Basi nifungue?"

"Fungua, wanywe. Wametoka mbali na jua ni kali." Akamgeukia Faiz, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Lakini siendi naye. Kuna siku moja nilihitaji kujuliwa, na haikuwa leo. Leo nimeoga, nimevaa, nimezungukwa na watu wangu. Leo hata adui yangu angenijua."

"Mbodze," Faiz akasema. "Nimeandika. Nimewaambia wote. Niulize mbele ya hawa wote, nitajibu."

"Najua umeandika, Hiribae alinionyesha. Uliandika baada ya kunikosa, Faiz. Mimi kazi yangu ni jua na mafuta ya moto, kutokwa jasho ni kila siku. Siwezi kuishi na mtu ambaye nikitokwa jasho ataangalia kwanza nani anatazama." Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta. "Kuleni, tafadhali. Nimepika mwenyewe."

Mzee Gona akafungua chupa. Ilibidi wanywe, na ilibidi wale, maana kama wangeondoka wangekuwa wametukana mji wa watu. Mbodze aliwanawisha mikono mmoja mmoja, akampakulia Faiz wali na samaki wa nazi, kipande kikubwa, akamwambia karibu mgeni. Faiz alikula kila punje. Watu walizungumza juu ya mvua na bei ya simsim. Baada ya saa moja Ami akaaga, akashukuru, na Mbodze akamsindikiza yeye hadi garini, akampa mfuko wa korosho za kumpelekea shemeji yake, mama Faiz.

Walikwenda mpaka Tarasaa ikapotea nyuma yao.

"Yule msichana nimempenda," Ami akasema.

Faiz akageukia dirishani.

"Miezi yote hiyo ulikuwa ukimficha nani?"

"Nyinyi, Ami. Mama."

"Mamako?" Ami Athmani akapunguza mwendo, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hafidha si aliwaona Golbanti, akamwambia mamako zamani, kabla ya picha na mambo yenu hayo. Mamako ashamnunulia kanga, jozi mbili, zimo kabatini. Yeye na Hafidha walikuwa wangoja umtaje wewe mwenyewe, wasikutie haya. Nani alokwambia tungekataa?"

Faiz alifikiri. Alitafuta siku, alitafuta mtu, alitafuta hata neno moja lililowahi kusemwa nyumbani juu ya hilo, na hakulipata.

"Nakuuliza. Nani alokwambia?"

"Hakuna," Faiz akasema, akaanza kulia, uso kwenye kofia, mabega yakimruka. Alilia mpaka njia panda ya Minjila, na Ami akaongeza sauti ya redio.